Joho Kavu Mpaka Makunduchi

Ami yangu aliponiambia kwamba chumba cha chini atampa mtu mwingine, nilikuwa nimelala chali chini ya gari ya mteja, mafuta yamenichirizika mpaka kwenye kiwiko. Sikutoka. Nilimjibu nikiwa huko huko chini.

"Ami, humu sitoki."

Niliona makubadhi yake tu, ya ngozi, yaking'aa, yakisogea mbele na kurudi nyuma. Ami ni ndugu yake baba na ndiye mwenye nyumba hii ya mtaa wa Mlandege, mjini Unguja. Chumba chenyewe ndiyo gereji yangu, kile kinachotazama barabara, chenye mlango wa kupita gari, ambamo zamani babu akiweka magunia ya karafuu. Mimi nilikikuta na panya na vitanda vibovu. Nilikisafisha kwa mkono wangu, nikakipaka chokaa kwa mkono wangu, nikatundika ukutani diploma yangu ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Watu husema najionesha. Ndiyo, najionesha. Kitu cha kufichwa ningekiweka sandukuni.

"Fundi wa ng'ambo ya pili ya barabara anakitaka," alisema ami. "Mwanamme yule, ana kazi zake. Wewe wanaokuja hapa wanakuja kumtazama mwanamke mwenye spana."

"Wakishatazama wanaacha gari."

"Gari za nani?"

"Za waliokuwa wanatoka jasho, ami. Sasa hawatoki."

Afadhali nijieleze mwenyewe mimi ni nani, maana mjini kwetu wengine hunieleza na kuniharibu. Ukoo wetu ni wa wale walioitwa wenye mashamba. Wazee walikuwa na mikarafuu upande wa Kizimbani, na mpaka leo ami akinywa kahawa huizungumza mikarafuu ile kama iliyokatwa jana. Mimi sikuachiwa hata tawi. Nilikwenda Maskati kufanya kazi ya nyumba: kufua, kupiga pasi, kulea watoto wa watu. Ukoo mzima ulijifunika uso. Mjukuu wa wenye mashamba anakwenda kuosha vyombo! Ami alinishauri niseme nakwenda kutembelea jamaa. Kila aliyeniuliza nikamwambia nakwenda kufua.

Na nikafua. Kiyoyozi cha nyumba ile kilipoharibika, fundi aliyekuja nilimshikia tochi, nikamuuliza, akanijibu, nikamuuliza tena mpaka akanikimbia. Nikaomba ruhusa ya kusoma jioni, nikaipata. Darasa zima lilikuwa la wanaume na mimi. Wao walifaulu, mimi niliwapita. Kisha nikaajiriwa kwenye gereji ya viyoyozi vya magari, katika joto la kule ambapo mchana usukani haushikiki bila ya kitambaa. Niliporudi Unguja nilirudi na geji zangu za kupimia gesi, mashine yangu ya kunyonyea gesi, na karatasi yangu ya ukutani. Babu alikuwa na mikarafuu, mimi nina geji. Anayeona nimeshuka na aone.

Mtu mmoja tu hakujifunika uso siku ninaondoka: mke wa ami, tunayemwita Bi. Alinitilia begini kikopo cha udi alioupika mwenyewe. "Fukiza nguo zako kila Ijumaa," aliniambia. "Ukifanya kazi ya mtu usinuke kazi ya mtu." Nilifukiza kila Ijumaa, mpaka kikopo kikabaki harufu peke yake. Naliandika hili mapema kwa sababu udi ule ndio uliotaka kunitoa chumbani.

Ilikuwa Februari, na Februari ya mwaka ule ilikuwa ya kupikia chapati juu ya boneti. Mtoto wa ami alikuwa anaoa Makunduchi, na huko ndiko mwisho wa kisiwa kwa upande wa kusini. Gari ya ami ndiyo ingempeleka bwana harusi, na ami mwenyewe angekaa mbele, amevaa joho. Joho ni lile vazi zito la sufu, lenye tarizi ya dhahabu, linalovaliwa juu ya kanzu siku za heshima. Lile la ami lilikuwa la babu. Kati ya vyote tulivyokuwa navyo zamani, joho ndilo lililobaki, na ami analitunza kwa karafuu na karatasi laini, halivai ila siku anayotaka watu wakumbuke.

Sasa, mwezi mmoja nyuma alikwenda Makunduchi kupeleka posa, na AC ya gari ikamwangusha njiani. Alifika kanzu imemganda mgongoni. Wenyeji wake, watu wa kilimo na mwani, waliozoea jua, walimpokea kwa adabu zote, wakamletea upepeo wa ukili na mtu wa kumpepea. Mmoja akasema taratibu, "Watu wa mjini joto hamuliwezi." Hakukusudia ubaya. Lakini ami alirudi nyumbani amenuna, na nikasikia akimwambia mkewe juu ya ngazi, "Nimepepewa kama mzazi wa siku saba!"

Gari hiyo alikuwa akiitibu fundi wa ng'ambo. Dawa yake ilikuwa moja: gesi. Baridi ikipungua, gesi. Ikipungua tena, gesi tena. Na ilipokataa kabisa, akasema nchi hii ina chumvi, AC haikai.

Ami aliirudia kauli hiyo pale pale, na ndiyo iliyonitoa chini ya gari ya mteja. Nilisimama mbele ya ami na grisi yangu.

"Nipe gari yako," nikamwambia. "Siku ya harusi nashika usukani mimi. Tukifika Makunduchi joho lako kavu, chumba ni changu, na ule ufunguo wa pili unanipa."

Ufunguo wa pili ulikuwa mfukoni mwake tangu siku ya kwanza. Akiingia chumbani akitaka, nipo sipo.

"Na likirowa?"

"Likirowa, diploma yangu nitaishusha mwenyewe."

Fundi wa ng'ambo alikuwa ameegemea mlango wake, akicheka. "Bi Diploma! Ile gari nimeitia gesi mpaka imeshiba!"

"Ndiyo maana inatapika," nikamwambia.

Ami akanipa ufunguo wa gari. Wa chumba akabaki nao.

Jambo la kwanza ninalolifanya kwa gari isiyopoa ni kuiacha gesi peke yake. Kila mtu hukimbilia gesi kwa sababu haionekani, na kisichoonekana ni rahisi kukilaumu. Mimi huanza na macho. Nilifungua boneti, nikawasha injini na AC, nikatazama feni ya mbele: inazunguka sawasawa. Nikatazama kondensa, lile dude la wavu wa bati lililokaa mbele ya rejeta, ambalo kazi yake ni kulitupa joto nje. Lilikuwa limejaa vumbi jekundu, majani na wadudu wa safari za shamba. Nikaliosha kwa maji ya taratibu, kutoka ndani kwenda nje, maana ukilipiga maji ya nguvu unalikunja. Baridi ikaongezeka kidogo, ya kumpozea paka.

Kisha nikafunga geji. Mishale ilipanda ikapita ilipotakiwa. Gesi imezidi! Jungu ukilijaza mpaka ukingoni halichemki vizuri, linamwagika na kuzima moto wake wenyewe, na kiyoyozi kilichozidishwa gesi ni hivyo hivyo, kinahangaika na hakipoi. Nikainyonya yote, nikarudisha kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kibandiko kile hakitaki diploma. Kinataka mtu ainame asome.

Nikagusa bomba la kuingia ndani: baridi, linatoka jasho kama gilasi ya sharubati. Nikakaa kwenye kiti, nikafunga milango, nikatia feni ya mwisho. Mlio ulikuwa wa ndege inayoruka. Upepo ulikuwa wa mtu anayepuliza chai. Hapo mafundi wa gesi ndipo wanapofika mwisho wa njia, na mimi ndipo nilipoanza kufurahi. Bomba baridi, ndani ya gari joto: maana yake baridi inatengenezwa na haifiki. Nikachana kipande cha karatasi laini, nikakishika mbele ya tundu la upepo. Hakikupepea. Kilitikisika mara moja, kama bibi aliyeulizwa atakula tena.

Nikalifungua sanduku la mbele ya abiria, nikatafuta filta, ile inayochuja hewa kabla haijaingia kwenye baridi. Mahali pake patupu. Nikatoka mpaka kizingitini.

"Filta ya gari ya ami iko wapi?"

"Niliitupa zamani!" akajibu fundi kutoka ng'ambo. "Ilikuwa inazuia upepo!"

"Ilikuwa inazuia uchafu!"

Nikarudi na tochi, nikachungulia ndani kabisa, kwenye evaporeta. Hili ni sanduku la mabati membamba lililofichwa nyuma ya dashibodi. Upepo wa feni hupita baina ya mabati hayo ukapoa, ndipo ukaja usoni. Vumbi nalijua, ni la kijivu. Nilichokiona kilikuwa cha rangi ya kahawia, kinang'aa kama halua, kimeziba kila upenyo. Nikaingiza kidole. Kikanata. Nikanusa.

Nilikaa kitako sakafuni nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikanikatika, kwa sababu niliijua harufu ile kuliko jina langu.

Udi wa Bi si vijiti vya kununua. Huupika kwa sukari na maji ya marashi, akautia miski na ambari, akaukausha, na harusi za mtaa mzima huja kuuomba kwake. Kila Ijumaa, kabla ya wanaume kwenda msikitini, huwasha makaa kwenye chetezo, akakiweka sakafuni mwa gari, akafunga vioo vyote, akawasha AC na kubonyeza kile kitufe kinachozungusha hewa ya ndani isitoke nje. Hilo alilivumbua mwenyewe na analionea fahari. "Moshi ukizunguka," husema, "unaingia mpaka kwenye sponji." Haki yake, unaingia. Lakini kabla ya kufika kwenye sponji ulikuwa unapita kwenye mabati, na moshi wa sukari ukipita penye baridi na majimaji huganda. Ijumaa baada ya Ijumaa, bila ya filta. Maskati pia wanafukiza magari, na niliwahi kusafisha yaliyofukizwa. Sikupata kuona lililopikwa namna ile.

Nilijaribu dawa ya povu. Haikupita. Dawa ilikuwa moja: kuitoa evaporeta nje, na kuitoa ni kuing'oa dashibodi nzima. Harusi ilikuwa kesho kutwa.

Nikaing'oa.

Nilikuwa nimetandika jamvi, nimezipanga nyaya na skurubu upande mmoja, dashibodi imelala katikati kama papa aliyetumbuliwa, mlango nimeutia komeo la juu tu, pale niliposikia ufunguo wa pili unazunguka. Mlango ukasukumwa, komeo likazuia, na kwenye upenyo nikaona jicho la ami. Nyuma yake jicho la fundi wa ng'ambo.

"Lahaula! Gari yangu iko wapi?"

"Hii hapa, ami."

"Na kile kilicholala chini?"

"Na hiyo pia ni gari yako."

"Ameimaliza," alisema fundi, kwa huruma iliyonikera kuliko matusi. "Ami, mie n'nakwambia, nyaya zile mtu akizikoroga hazirudi. Mwambie afungue, niirudishe kabla haujaingia usiku. Harusi utakwenda kwa ya kukodi."

Nililitoa komeo, nikafungua, nikasimama katikati ya mlango. Mlango ule ni wa zamani, mpana, wa misumari ya shaba, lakini siku ile niliujaza.

"Ami ataingia," nikasema. "Wewe utabaki nje."

"Nyumba ya nani hii?" akauliza ami.

"Yako. Na joho ni lako. Ukiingia naye, likirowa limerowa kwa mkono wake, usije kunidai chumba. Ukiingia peke yako, dhima yangu."

Barabarani watu walikuwa wameshaanza kusimama. Ami akawatazama, akanitazama mimi, akasema, "Kesho kutwa?"

"Kesho kutwa."

"Na ukishindwa?"

"Sijawahi, kwa hiyo siwezi kukueleza inakuwaje."

Akaingia peke yake. Nikamkabidhi ile evaporeta mikononi. Aliigeuza, akapitisha kidole, akakinusa. Nikaona uso unambadilika. Akatazama juu kwenye dari, kwenye boriti, ambako juu yake ndiko mkewe alikokuwa akipika.

"Hii si..."

"Ndiyo."

Akateremsha sauti. "Basi utamwambia wewe."

Mwanamme aliyetaka kunifukuza nyumbani mbele ya barabara nzima hakuweza kupanda ngazi moja. Nikapanda mimi.

Bi alikuwa ameinamia sufuria, anakoroga udi wa harusi, jiko zima limejaa marashi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu, hebu nusa, huu umeshika?" Nikanusa. Ulikuwa umeshika. Nikamwambia.

"Udi wangu?" Mwiko ulisimama.

"Udi wako, Bi. Sukari yake imeziba mashine."

"Mafundi wazima wameitazama gari ile, hakuna aliyesema udi."

"Kwa sababu hakuna aliyeifungua."

"Udi wangu umeingia majumba ya watu wenye vyeo. Umekupeleka Maskati ukinuka kama mtu. Leo umekuwa uchafu?"

"Sikusema uchafu. Nimesema usifukizwe ndani ya gari iliyofungwa."

"Umerudi na kiburi wewe."

"Nilikwenda nacho, Bi."

Akaushika mwiko, akanigeuzia mgongo, na tangu hapo hakusema nami neno. Akiteremka akipita mlango wa chumba changu kama ukuta. Iliniuma, sikatai. Lakini sikurudi juu kuomba radhi, kwa sababu sikuwa nimemkosea. Ningemdanganya, hapo ningemkosea.

Niliiosha evaporeta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyokula bati, kwa brashi laini, tena na tena. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, na harufu ikaenea mpaka kwa wauza vitambaa, wapita njia wakawa wanauliza, "Nani anaoa?" Nikazibua na ule mpira mdogo unaotoa maji nje, nao ulikuwa umeganda. Nikatia filta mpya. Nikarudisha dashibodi, na haikubaki skurubu hata moja jamvini. Nimeona mafundi wanaobakisha na kusema za ziada. Nikanyonya hewa yote kwenye mabomba, nikatia gesi kwa kiasi cha kibandiko, nikawasha. Kile kipande cha karatasi kilinitoka mkononi kikaenda kujibandika kwenye kioo cha nyuma.

Siku ya harusi, baada ya Adhuhuri, gari ilikuwa mbele ya nyumba, imeoshwa, injini inanguruma. Bwana harusi alitoka amevaa joho na kilemba, na jasho limeshamkaa juu ya mdomo kwa hatua za mlango mpaka barabarani. Ami akafuata na joho la babu, anatembea kama aliyebeba maji. Nyuma yao Bi, na chetezo mkononi, makaa mekundu, moshi umepanda.

Nilijua atakuja nacho. Nilisimama mbele ya mlango wa nyuma, mgongo kwenye kioo.

"Nipishe," alisema. Ndilo neno la kwanza tangu jikoni.

"Bi, humu hakiingii."

Watu wakasogea karibu. Gari ya bwana harusi haijafukizwa? Shangazi mmoja akashika kifua. Kutoka ng'ambo fundi akasema, si kwa sauti ndogo, "Haya, sasa anapigana na udi."

"Mwanangu anaoa," alisema Bi. "Ataingia kwa wakwe ananuka nini? Petroli?"

"Atanuka udi wako. Mfukize yeye, nifukize na mimi, mfukize na ami. Ukitaka gari, nafungua milango yote minne na nazima AC."

"Milango wazi? Moshi si utawaendea majirani?"

"Na wafaidi. Leo tuna harusi, Bi, au tuna bakhili?"

Kicheko kilitoka mahali nyuma, na nadhani kilikuwa cha bwana harusi. Bi alinikazia macho. Mimi sikuyashusha yangu. Kisha akaniambia, "Basi zima hiyo mashine yako," na akamfukiza mtoto wake pale barabarani, ndani ya joho, chini ya kilemba, mikono imenyooshwa, polepole kuliko nilivyowahi kumuona akimfukiza mtu. Akamfukiza ami. Akazunguka gari na milango yake minne wazi, na Mlandege yote ikanukia. Mwisho akaja kwangu, akanizungushia chetezo mara moja, haraka, bila ya kunitazama.

Tukaondoka: mimi kwenye usukani, ami kando yangu, Bi na bwana harusi nyuma, mabasi ya jamaa yakitufuata. Wapo waliosema mwanamke hampeleki bwana harusi. Basi nimempeleka.

Mwanakwerekwe tulikwama kwenye foleni, na gari ikisimama katika jua kali ndipo kiyoyozi kinapojulikana. Ami alikuwa ameshika leso tayari. Hakutazama njia, alitazama tundu la upepo kama mtu anayetazama mlango wa hospitali. Nilisikia feni ya mbele inaingia, inafanya kazi yake. Akaipeleka leso kwenye paji la uso, akaitazama. Kavu. Akaipeleka shingoni. Kavu. Akaikunja.

Tunguu tulipita. Hapo ndipo siku ya posa kanzu ilipoanza kumganda, alinieleza baadaye. Kwenye msitu wa Jozani basi moja likachemsha maji, msafara wote ukasimama kulingojea, injini zinanguruma mahali pamoja. Fundi wa ng'ambo, aliyekuwa amealikwa kama jirani, aliteremka kwenye gari yake iliyofunguliwa vioo, kanzu imemshika mbavuni, akaja kugonga kioo cha ami. Ami akateremsha kioo nusu. Baridi ikampiga fundi usoni, nikamuona anafumba macho kidogo.

"Ami, mko salama?"

"Alhamdulillahi," alisema ami. "Sema upesi, unatuingizia joto."

Akapandisha kioo. Nilitazama mbele. Kuna wakati mtu ukisema unajipunguzia.

Tulipoanza kuiona minazi ya Makunduchi, ami akakohoa. "Punguza kidogo. Hii baridi imeingia mpaka mifupani."

Sikupunguza.

Mbele ya msikiti wenyeji walikuwa wamesimama safu, na mmoja wao, Mungu anajua, ameshika upepeo. Nilisimamisha gari na sikuzima injini. Ami akashika kitasa. Nikanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nini?"

"Ufunguo, ami."

"Hapa? Mbele ya wakwe? Si tungojee tukirudi?"

"Ahadi ilikuwa Makunduchi. Hapa ni Makunduchi. Pitisha mkono wako mgongoni, ndani ya joho, uniambie."

Hakupitisha. Alijua. Bwana harusi nyuma alikuwa anatazama miguu yake, mabega yanamtikisika. Wenyeji walikuwa wanasogea na tabasamu zao na upepeo wao. Na hapo sauti ikatoka nyuma yangu.

"Mpe," alisema Bi. "Ahadi ni deni."

Ami akaingiza mkono chini ya joho la babu, ndani ya mfuko wa kanzu, akautoa ule ufunguo wa chuma, akauweka kiganjani mwangu. Kisha akafungua mlango, akateremka, mrefu, mkavu, tarizi ya dhahabu inawaka juani. Yule mwenye upepeo aliunyanyua. Ami akaukataa kwa mkono mmoja, kwa upole kabisa, kama mtu aliyeshiba anavyokataa sahani.

Bwana harusi akamfuata, wanaume wakaingia msikitini. Nilitegemea Bi naye ateremke kwenda kwa wanawake. Hakuteremka. Alikaa pale nyuma, buibui amelilegeza shingoni, anatazama tundu la upepo lililo baina ya viti. Mlango wa upande wa mwanawe ulikuwa umebaki wazi.

"Ijumaa," akasema mwishowe, "nikifukiza milango wazi, sponji itashika?"

"Ukifukiza mara mbili."

"Sukari nipunguze?"

"Kidogo, Bi."

"Sipunguzi."

"Basi filta utaniletea nibadilishe kila baada ya mfungo. Chumba unakijua kilipo."

Nje jua lilikuwa linauchoma mchanga mpaka mweupe, na mlango ule ulikuwa bado wazi.

"Funga basi," akaniambia. "Unatutolea baridi yetu."